Sketi ya Bibi

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi. Nilikuwa na daftari la riwaya isiyokwisha, na cherehani ya bibi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Siku moja nikamwambia bibi nataka kujishonea sketi ya kubana, ya kuvaa kwa kuvuta tu, haina zipu wala kifungo. Akacheka. Kisha akanyamaza.

Kumbe naye aliwahi kuwa nayo.

Sketi nyembamba ni ya zamani. Mnamo 1910 huko Paris zilivaliwa sketi zilizobana chini hadi mwanamke akatembea kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu. Katika miaka ya 1940 na 1950 mitindo ya Christian Dior ikaieneza tena dunia nzima. Lakini vitambaa vyake vilifumwa kwa nyuzi zilizopishana, havivutiki. Ndiyo maana ilihitaji zipu ubavuni na mpasuo nyuma, la sivyo basi hulipandi.

Bibi alishona yake Dar es Salaam. Ilipita magoti, haikuwa fupi. Ilibana tu.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, marufuku. Hata kabla ya siku hiyo, vijana waliwashambulia wanawake Kariakoo, mpaka polisi wakaingilia. Magazetini watu wakabishana: wengine wakaunga mkono, wengine wakauliza kwa nini utamaduni upimwe kwenye mapaja ya wanawake.

"Bibi, yako si ilikuwa ndefu?" nikamwuliza.

"Mjukuu wangu, nani angekuja na futi? Walipima kwa macho."

Akaifumua usiku, kwa wembe. Akashonea foronya. Hakuna aliyemgusa, hofu ilitosha.

Basi nikaenda mnadani, nikanunua kitambaa cha kuvutika. Hicho hakikufumwa kwa nyuzi zilizopishana, kimesukwa kwa vitanzi, kama soksi. Mwingereza William Lee ndiye aliyebuni mashine ya kusuka soksi, mwaka 1589. Mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa DuPont Marekani, akapata uzi wa spandeksi, unaovutika na kurudi. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoifuta zipu.

Nikapima nyonga, nikapunguza kidogo. Nikakata vipande viwili, mvutiko ukizunguka mwili, si kushuka chini. Cherehani yetu haina zigizaga, kwa hiyo bibi alinifundisha kukivuta kitambaa taratibu, mbele na nyuma, ninaposhona, ili mshono usikatike nikikaa. Kiunoni nikatia lastiki fupi kuliko kiuno changu, nikaikunjia ndani.

Nikaivaa. Nikachuchumaa, nikainuka, nikaruka kizingiti. Haikulalamika.

Wapo watakaosema ni sketi tu. Mimi nasema historia ya nchi haikai kwenye hotuba peke yake. Mwenzangu, nyingine imelaliwa miaka mingi kama foronya. Na mwenye haki ya kupima nguo ni mvaaji.

Bibi aliizunguka sketi yangu, akagusa upindo. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema:

"Kitambaa kimebaki? Hebu lete futi."