Ahadi ya tovuti kuwa hewani 99.9%: nani anashika saa?

Fungua ukurasa wa bei wa kampuni yoyote inayohosti tovuti, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi au Marekani, na karibu kila mara utakutana na namba moja: 99.9%. Hiyo ndiyo sehemu ya muda ambayo kampuni inaahidi tovuti ya mteja itakuwa hewani. Ukiisoma haraka unaweza kudhani tovuti haitazima kabisa.

Sasa piga hesabu. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ahadi ya 99.9% inairuhusu tovuti kuzima dakika 43 kila mwezi, na kampuni bado itasema imetimiza neno lake. Kwa mwaka mzima hiyo ni karibu saa 8 na dakika 45. Ukiongeza tisa moja, yaani 99.99%, muda unashuka hadi dakika 4 na sekunde chache kwa mwezi. Ukiipunguza ikabaki 99% tupu, ambayo kwa macho inaonekana ni ileile tu, tovuti inaweza kulala saa 7 na dakika 12 kila mwezi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawaliangalii: hesabu ni ya mwezi au ya mwaka? Mkataba ukihesabu kwa mwaka, kampuni inaweza kuzima saa 8 mfululizo siku moja tu, hata ikiwa siku ya ofa kubwa ya duka lako, halafu miezi mingine 11 ikaenda safi. Kwenye karatasi, ahadi imetimia.

Je, zinatimiza?

Jibu fupi: kampuni nzuri mara nyingi zinatimiza. Lakini anayecheza ndiye anayeshika filimbi. Mikataba mingi inasema wazi kwamba kumbukumbu zitakazotumika kuamua kama huduma ilikatika ni za kampuni yenyewe, na picha za skrini za mteja hazina uzito sana.

Halafu kuna swali la kipi kinahesabiwa. Baadhi ya ahadi zinahusu mtandao wa kampuni tu. Nyingine zinahusu seva. Chache sana zinahusu tovuti yako kama mteja wako anavyoiona kwenye simu. Seva inaweza kuwa inapumua vizuri huku databesi imekwama. Anayefungua tovuti anakutana na maandishi ya kosa, ila kwenye mitambo ya kampuni taa ni ya kijani. Tovuti inayochukua sekunde 40 kufunguka nayo inahesabika iko hewani, ingawa hakuna mtu mwenye bando la kuunga atakayesubiri.

Soma pia sehemu ya vitu visivyohesabiwa, kwa sababu huko ndiko muda mwingi unakopotelea. Kwa kawaida utakuta matengenezo yaliyotangazwa mapema, mashambulizi ya mtandaoni, makosa ya mteja kama plagini mbovu au domeni iliyoisha muda, na majanga yaliyo nje ya uwezo wa kampuni.

Mfano wa hilo la mwisho uko karibu na nyumbani. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi kadhaa za ukanda huu. Tovuti ya Mtanzania iliyohostiwa Ulaya haikuwa imezima. Mtu aliyekuwa London aliifungua bila shida. Wateja wa Dar ndio hawakuipata, na kwa mikataba ya kawaida hakuna dakika hata moja ya siku ile iliyoingia kwenye hesabu ya kampuni ya kuhosti.

Fidia ya mia na mia mbili

Tuseme kampuni imekubali kwamba imevunja ahadi. Inalipa nini?

Chukua duka la nguo la mtandaoni linalolipa shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamepokea mshahara, tovuti inazima saa 5. Mwezi ule umeshuka hadi takribani 99.3%. Mkataba unasema fidia ni 10% ya malipo ya mwezi, kwa hiyo mwenye duka anapata shilingi 1,000. Na hiyo elfu moja hatumiwi kwenye simu. Inawekwa kama krediti ya kupunguza bili ijayo. Kama siku ile alikosa oda tatu tu za shilingi 35,000, amekosa mauzo ya 105,000. Akiamua kuhama kampuni kwa hasira, hata ile elfu anaiacha.

Hapo ndipo ahadi inapoonekana sura yake. Kampuni haijaahidi kufidia hasara ya biashara, na mikataba mingi inaikataa hasara hiyo kwa maneno ya moja kwa moja. Ilichoahidi ni punguzo la bei ya huduma. Ukinunua huduma ya bei ya chini, na fidia yake ni ya bei ya chini.

Wakubwa nao wanadondoka

Februari 28, 2017, fundi wa Amazon alikuwa anashughulikia hitilafu kwenye huduma ya kuhifadhi mafaili ya S3, upande wa mashariki mwa Marekani. Alitaka kuondoa seva chache. Akakosea kuandika amri, zikaondoka nyingi. Tovuti na programu nyingi ziliyumba kwa zaidi ya saa 4. Kichekesho ni kwamba ukurasa ambao Amazon huutumia kuwaambia wateja hali ya huduma nao ulitegemea S3, hivyo kwa karibu saa 2 haukuweza kubadilishwa, na taarifa ikabidi zipitie Twitter.

Kwa mwezi wa siku 28, saa 4 na robo ni kama 0.6%. Mteja aliyeathirika muda wote huo alishuka hadi karibu 99.4%, na jedwali la Amazon kwa kiwango hicho lilitoa krediti ya 10% ya bili ya huduma hiyo.

Lile la Ufaransa lilikuwa zito zaidi. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg na kuunguza sehemu ya jengo jirani. Hakuna aliyeumia, lakini mamilioni ya tovuti yalizimika. Waundaji wa mchezo wa Rust walitangaza kwamba data za seva zao za Ulaya zilizokuwa pale zimepotea na hazitarudi.

Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia bakapu, wakajua wako salama. Mmoja wao alikwenda mahakamani: mkataba ulisema bakapu zitatengwa na seva, kumbe zilikuwa ndani ya jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVHcloud imlipe zaidi ya yuro 100,000. Angalia alishinda kwa kipi. Alishinda kwa kifungu cha bakapu. Asilimia za kuwa hewani zisingempa hata robo ya pesa hizo.

Shika saa yako mwenyewe

Kwa mwenye tovuti, jambo la kwanza ni kuhesabu bila kuitegemea kampuni. Zipo huduma kama UptimeRobot na Pingdom ambazo kazi yake ni kupiga hodi kwenye tovuti yako kila baada ya dakika chache na kukutumia ujumbe ikikosa kuitika. Kumbuka tu kwamba inayopiga hodi kila dakika 5 inaweza kuruka katizo la dakika 3. Iweke itafute neno fulani lililomo kwenye ukurasa, mfano jina la duka, maana bila hivyo ukurasa wenye kosa la databesi unaweza kuhesabika kuwa mzima. Kama inakuruhusu kuchagua eneo la kukagulia, chagua lililo karibu na wateja wako pia, usibaki na la Marekani peke yake.

Bakapu iweke kwa kampuni tofauti na inayohosti, au hata kwenye kompyuta yako, na mara mojamoja jaribu kuirudisha uone kama inafunguka. Angalia pia domeni inaisha lini.

Siku tovuti ikizima, fungua tiketi palepale, hata kama mhudumu amekujibu kwa WhatsApp kwamba mafundi wanashughulikia. Tiketi ina tarehe na saa, na ndiyo inayotajwa kwenye mikataba. Krediti kwa kawaida haiji yenyewe. Lazima iombwe, na dirisha la kuomba huwa fupi. Kwenye mikataba mingine ni siku chache tu tangu huduma irudi. Andika ilizima lini, ikarudi lini, ambatisha rekodi zako na utaje kifungu cha mkataba kinachohusika. Ukijibiwa kwamba yalikuwa matengenezo yaliyopangwa, omba nakala ya tangazo lake na uangalie lilitumwa saa ngapi.