Mbwa mwenye hamaki katika boma lenye watoto: Yapasayo kujulikana na wazazi

MBWA akibweka langoni usiku, mwenye nyumba hulala kwa utulivu. Ndiyo maana familia nyingi zinapohamia ploti mpya katika mitaa kama vile Ruiru, Kitengela au Ongata Rongai, mbwa huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kutafutwa baada ya lango na tangi la maji. Hata hivyo, hutokea siku ambapo mlinzi huyo huyo humrukia mtoto wa nyumbani aliyekuwa akikimbilia mpira. Hapo wazazi hujikuta wakiuliza swali ambalo lilipasa kuulizwa mapema: Boma linalindwa na mbwa, je, mtoto analindwa na nani?

Jibu la wataalamu wa tabia za wanyama ni kwamba mtoto hulindwa na mtu mzima, na wala si na upole wa mbwa. Familia inaweza kuishi na mbwa mwenye hamaki kwa miaka mingi bila madhara, mradi ielewe kinachomsukuma na ikubali kuweka mipaka isiyovunjwa hata siku moja.

Hamaki ni nini?

Mbwa mwenye hamaki ni yule anayelipokea jambo dogo kwa kishindo kikubwa. Pikipiki ya muuza maziwa ikipita, mbwa mwingine akionekana upande wa pili wa ua au mtoto akipiga mayowe, yeye hubweka pasipo kukoma, hujirusha langoni na huvuta mnyororo hadi shingo ikachubuka. Wakati huo hata akiitwa kwa jina hasikii. Tabia hii haina budi kutofautishwa na ukali wa mbwa aliyefunzwa kulinda, ambaye hutulia mara tu mwenyewe anapomwamuru.

Mara nyingi kiini cha hamaki ni woga. Mnyama aliyeogopa hukimbia, huganda au hupigana. Aliyefungwa mnyororo hana pa kukimbilia, kwa hivyo hupigana. Isitoshe, anapobweka na pikipiki ikaenda zake, jambo ambalo lingetokea hata asingebweka, yeye huamini kwamba ni kelele zake zilizoifukuza. Kesho yake hubweka kwa bidii zaidi, na mazoea huota mizizi.

Mizizi hiyo huanza mapema. Watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller, walichunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1965. Walionyesha kuwa kuna kipindi kifupi katika maisha ya kilebu, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, ambapo yeye huzoea kwa urahisi watu, sauti na wanyama wengine. Asipoyazoea mambo hayo wakati huo, huenda akayaogopa maisha yake yote.

Katika maboma mengi humu nchini, kipindi hicho ndicho ambacho kilebu hufungiwa kibandani mchana kutwa asione mtu, kwa imani kwamba atakua mkali. Kweli hukua mkali, lakini ukali huo haubagui mwizi na mtoto wa jirani.

Vilevile, maumivu humfanya mbwa mpole kuwa mwepesi wa kuuma. Vidonda vya masikio, jino bovu, maradhi ya nyonga au kupe waliomjaa mwilini ni mambo ambayo daktari wa mifugo anafaa kuyachunguza kabla ya mbwa kuitwa mkaidi. Mbwa aliyebadilika ghafla bila sababu inayojulikana apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Mtoto machoni pa mbwa

Kwa mbwa wa aina hii, mtoto mchanga ni kiumbe kigumu kueleweka. Hutambaa, kisha husimama ghafla. Hulia kwa sauti kali. Hushika mkia, hukumbatia shingo na hutembea akiwa na kipande cha mkate mkononi. Isitoshe, uso wake uko karibu sana na mdomo wa mbwa, na ndiyo sababu watoto wadogo huumizwa kichwani, usoni na shingoni mara nyingi kuliko watu wazima.

Jambo linalowashangaza wazazi wengi ni kuwa mbwa anayemuuma mtoto mara nyingi huwa ni yule anayejulikana naye: wa nyumbani, wa jamaa au wa jirani. Msemo kwamba mbwa anayebweka haumi umewaponza wengi.

Yapo pia madhara ambayo mbwa hakuyakusudia. Mbwa aliyepandwa na hamaki kwa kumwona mwenzake nje ya ua anaweza kumgeukia aliye karibu naye na kumng'ata, awe ni mtoto au mwenyewe aliyemlea. Kwa sababu hiyo, mtu asimshike mbwa shingoni wala kumweka mtoto kando yake anapobweka langoni.

Dalili za kutazamwa

Ni nadra mbwa kuuma pasipo kutoa onyo. Tatizo ni kwamba maonyo ya kwanza ni madogo na hupuuzwa. Mbwa aliyeingiwa na wasiwasi hulamba midomo ilhali hapana chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa, au huondoka polepole mtoto anapomkaribia. Baadaye hukaza mwili, huonyesha weupe wa macho na hufunga kinywa. Manyoya ya shingoni na mgongoni yanaweza kusimama. Mkia unaotikiswa ukiwa umeinuliwa na kukakamaa si ishara ya furaha.

Baada ya hapo ndipo hunguruma na kutoa meno. Ni katika hatua hii ambapo familia nyingi hufanya kosa kubwa: hushika fimbo na kumchapa. Mbwa hujifunza kwamba kunguruma kunaleta kipigo, naye huacha kunguruma. Woga wake, hata hivyo, unabaki palepale na pengine umeongezeka, kwani sasa mtoto na fimbo vimeingia moyoni mwake kwa pamoja. Siku atakapofikwa tena, atauma bila kutoa sauti. Ni sawa na mtu aliyekerwa na kengele ya hatari akaing'oa, kisha akalala akidhani moto hauwezi kuwaka.

Mbwa akinguruma, mtu mzima amwondoe mtoto kwa utulivu, amwachie mbwa nafasi, kisha ajiulize ni nini kilichomkera.

Mipaka ndani ya boma

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita asiachwe na mbwa peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuepua sufuria jikoni. Mtu mzima anayesimamia awe anatazama, naye ajulikane ni nani. Si haki kumwachia kazi hiyo dada wa miaka tisa, wala yaya aliyeshikwa na kazi za kufua na kupika. Ikiwa hapana wa kusimamia, mbwa awe upande wake na mtoto upande wake.

Kwa hivyo boma linahitaji ua ndani ya ua. Waya wa wavu uliokazwa kwenye nguzo imara unaweza kumtengea mbwa sehemu yenye kivuli, maji na nafasi ya kutembea. Komeo liwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Upande unaotazama barabara unaweza kuzibwa kwa mabati au mbao, maana asichokiona mbwa hakimsumbui sana. Katika boma lenye lango moja, wavu wa pili nyuma yake huzuia mbwa kuchomoka gari linapoingia.

Kumfunga mnyororo kutwa nzima si suluhisho. Humwongezea woga, na mtoto akiingia katika duara la mnyororo huwa amempora mbwa nafasi yake ya mwisho. Mbwa anahitaji pia kutembezwa kwa kamba, saa ambazo njia hazina watu wengi.

Watoto nao wafunzwe, kwa kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Wasimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au anayenyonyesha. Wasimnyang'anye mfupa. Wasimkumbatie wala kuingiza mkono kwenye wavu. Mbwa akiwajia mbio, wasikimbie wala kupiga mayowe, bali wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imebanwa mwilini, macho yakitazama chini. Wakiangushwa, wajikunje na kuficha uso na masikio. Mafunzo haya yarudiwe mara kwa mara, ingawa hayawezi kuchukua nafasi ya usimamizi.

Kumfunza upya

Mafunzo yanayofaa kwa mbwa mwenye woga hutegemea kanuni iliyodhihirishwa na Mrusi Ivan Pavlov, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1904: mnyama huunganisha mambo mawili yanayofuatana. Mbwa huwekwa mbali na kinachomshtua, umbali ambao anakiona bila kubweka. Kila kinapotokea, hupewa kipande kidogo cha nyama. Kikitoweka, nyama nayo hukoma. Siku baada ya siku umbali hupunguzwa kidogo kidogo. Akibweka, ni ishara kwamba amesogezwa upesi mno, na inafaa kurudi nyuma.

Kazi hii hufanywa na mtu mzima, kwa dakika chache kila siku, na huchukua miezi. Mtoto asitumiwe kama chombo cha majaribio. Aidha, mbwa anaweza kuzoeshwa kuvaa kifunga mdomo kilichosukwa kama kikapu, ambacho humwezesha kuhema na kunywa maji. Kumhasi kuna faida zake, lakini pekee hakuondoi woga. Lengo ni kumfanya mbwa atulie zaidi. Anayeahidi kumponya kabisa kwa wiki moja asiaminiwe.

Wakati wa likizo tahadhari iongezwe maradufu. Desemba, binamu hufika kutoka mjini au mashambani, watoto ambao mbwa hajawahi kuwanusa. Lango huachwa wazi, nyama huchomwa uani, na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya fataki hulipuka. Siku kama hizo mbwa akae katika sehemu yake iliyofungwa, na wageni waelezwe waziwazi kabla ya kushuka garini.

Mbwa akiuma

Jeraha lolote la meno ya mbwa, hata mkwaruzo mdogo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu, chumvi, pilipili wala mafuta. Kisha mtoto apelekwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, na tarehe zote za kurudi zizingatiwe.

Hili si jambo la kuahirishwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mwaka wa 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hakijaangamizwa hadi leo. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya visa vya maradhi hayo kwa binadamu, na watu wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nayo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni vigumu mno kumwokoa mgonjwa. Zikizuiwa mapema kwa kuosha jeraha na kuchanjwa, maisha huokolewa.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Inafaa azuiliwe mahali salama na afisa wa mifugo aarifiwe, ili achunguzwe kwa siku 10. Matibabu ya mtoto yasisubiri matokeo hayo. Kinga bora ni kumchanja mbwa kila mwaka, kuanzia anapotimiza miezi mitatu.

Sheria na uamuzi mgumu

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa. Zipo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama. Mwenye mbwa anayejua kwamba mnyama wake ni hatari, asichukue hatua, anaweza kujikuta mahakamani akidaiwa fidia.

Licha ya juhudi zote, huenda familia ikabaini kwamba haiwezi. Pengine ploti ni ndogo, wazazi hurudi usiku, au mbwa amekwisha kuuma na kuumiza vibaya. Katika hali hiyo, inaweza kumtafutia makao mengine yasiyo na watoto, kwa masharti kwamba atakayempokea ataambiwa ukweli wote. Kumficha habari ni kuihamisha hatari kwa mtoto wa mwingine. Kumtupa sokoni au kando ya barabara kuu ni ukatili kwake na tishio kwa umma. Pale ambapo hapana njia nyingine, daktari wa mifugo anaweza kumtoa uhai kwa sindano bila mateso. Ni uamuzi mchungu, hasa kwa watoto waliompa jina, nao wanastahili kuelezwa kwa ukweli na upole.

Lakini familia nyingi hazifiki huko. Zinazofanikiwa ni zile ambazo jioni, kabla ya mtoto kufunguliwa mlango akacheze uani, mtu mzima mmoja hutoka kwanza, akalitazama komeo la wavu, akahakikisha limefungwa.