Shanga, Shaba na Magunia ya Unga: Watu wa Katanga Walivyoitunza Historia Yao

Kenya ya makala haya haina bahari wala mlima wenye theluji. Ni komuni mojawapo kati ya saba za mji wa Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga, kusini kabisa mwa Kongo. Ni makazi ya watu wa kazi, jirani na Kamalondo na Katuba, na Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya uani na ya kilio. Katika miaka ya 1970, aliyeingia sebuleni mwa fundi au karani katika mitaa hiyo angeweza kukuta picha ya rangi ukutani, iliyochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Wengine walitundika mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Wengine walichagua Lumumba akiwa amefungwa kamba. Wengi walipenda ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anamchapa fimbo, Mzungu amesimama kando akitazama. Mgeni aliuliza, mwenye nyumba akajibu, na watoto wakasikia habari ambayo shuleni haikufundishwa.

Wataalamu wengi waliziita picha hizo sanaa za mitaani. Mimi naziita historia, tena historia ya ukoo mrefu, kwa maana Katanga ilikuwa na njia zake za kuhifadhi mambo yaliyopita karne nyingi kabla ya kalamu kufika.

Ushahidi wa kale zaidi ulitoka ardhini. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na wengine wakaendeleza kazi hiyo baada yake, hasa Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Walikuta vyungu vya ustadi mkubwa, shoka, pembe za ndovu na mapambo ya shaba. Makaburi mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Katika yale ya baadaye kidogo vilionekana vitu vilivyolifanya jina la Katanga lijulikane: misalaba midogo ya shaba. Bonde la Upemba halina shaba. Madini hayo yalitoka kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 200, na kwa hiyo walikuwapo watu waliochimba, waliobeba na waliobadilishana. Misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa, ikilazwa juu ya kifua cha marehemu. Kadiri miaka ilivyokwenda ikawa midogo, ya ukubwa unaofanana, ikawekwa karibu na mikono au kiunoni, mahali ambapo mtu hushika fedha yake. Hakuna hati ya maandishi inayosimulia jinsi jamii ile ilivyogeuza pambo la heshima kuwa sarafu, ila makaburi yenyewe yameyahifadhi mabadiliko hayo hatua kwa hatua.

Ufundi wa kuyeyusha shaba ulidumu hadi mlangoni mwa ukoloni. Kazi ilianza kiangazi, mtama ukishavunwa. Wanaume walichimba yale mawe ya kijani, tanuri zikajengwa kwa udongo wa kichuguu, na fundi mkuu akasimamia moto pamoja na miiko, dawa na nyimbo. Kampuni za Ulaya zilipofika zilitangaza kwamba zimegundua utajiri uliolala. Ukweli ni kwamba wapimaji wao waliongozwa na mashimo ya wenyeji. Mashimo yale ndiyo yaliyokuwa ramani yao.

Kaskazini mwa machimbo, ufalme wa Waluba ulikuwa na hazina ya aina nyingine. Masimulizi yake ya chanzo yanastahili kukaa meza moja na yale ya Gilgamesh au ya Romulus. Nkongolo, mfalme mwekundu anayehusishwa na upinde wa mvua, alikuwa mkatili na mlevi asiyejua adabu. Akaja kutoka mashariki mwindaji mmoja, Mbidi Kiluwe, mtu mtaratibu asiyekula mbele ya watu. Akaoa kwa Nkongolo, kisha akarudi kwao akimwacha mke mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, Kalala Ilunga, alikua akawa shujaa kuliko mjomba wake, na wivu ukaingia. Nkongolo akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka na kumwalika kijana acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo. Kalala akaruka, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa na kukatwa kichwa, na Kalala Ilunga akaanzisha utawala mpya.

Luc de Heusch aliyachambua masimulizi haya mwaka 1972 kama ngano ya mvua na ukame, ya mbingu na ardhi. Thomas Reefe, katika kitabu chake cha 1981, aliyachunguza kama njia ya kuufikia ufalme wenyewe. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni hoja ya kisiasa iliyomo ndani. Mfalme halali ni yule anayejizuia, na nguvu isiyo na adabu haidumu. Hiyo ni falsafa ya utawala, ikafundishwa kwa kisa ambacho hata mtoto anakikumbuka.

Masimulizi hayo hayakuachiwa kila mdomo. Palikuwa na chama cha Mbudye, chenye wanachama waliopanda ngazi kwa ngazi hadi wakakabidhiwa elimu ya lukasa. Lukasa ni kibao cha mti kinachoshikika mkononi, chenye shanga na kauri zilizopangwa juu yake, mara nyingine na michoro iliyochongwa. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akagusa shanga kwa kidole cha mkono wa kulia, na akisoma hivyo alitaja wafalme, safari zao, makao yao, miiko ya ikulu na mipaka ya koo. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme na watu wake. Kibao kilekile hakikusomwa vilevile kila siku, maana msomaji aliangalia nani yuko mbele yake na shauri gani linatakiwa kuamuliwa. Wapo walioona hilo kuwa udhaifu, wakisema historia inayobadilika si historia. Siwaungi mkono. Wakili anaisoma sheria ileile kwa kesi tofauti, na hakuna anayesema kwamba sheria haipo. Maonyesho ya sanaa ya Waluba yaliyofanyika New York mwaka 1996 yaliwafanya watu wengi wa nje waitambue lukasa kuwa chombo cha fikra, baada ya miaka mingi ya kuiona pambo la kabati la makumbusho.

Katikati ya karne ya 19 alifika Msiri kutoka Unyamwezi, akifuata biashara ya shaba na pembe. Akajenga dola ya Garenganze na mji wake Bunkeya, ambako misafara ya Waswahili wa pwani ilikutana na ile ya Angola. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara ulioongozwa na William Stairs kwa ajili ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bodson naye akauawa. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na hadi leo Wayeke, watu wa dola yake, wanakizungumzia.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika, na Elisabethville, mji uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji na ambao leo ni Lubumbashi, ukaanza kujengwa. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni likawashwa. Bomba lake refu na kilima cheusi cha mabaki ya shaba vikawa alama ya mji. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia, Rwanda na Burundi, na katika kambi za kampuni wakakutana na Kiswahili, wakakifanya chao. Desemba 1941 waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kampuni, nao askari wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa ni Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Serikali haikuwajengea mnara. Mitaa ndiyo iliyoendelea kulitaja jina lake.

Ndani ya mji huohuo, vita kuu vya pili vya dunia vilipokwisha, mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi na Waluba, alichapisha Elisabethville kitabu kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa kamili, iliyojengwa juu ya nguvu ya uhai. Kilisifiwa, kikapingwa, na ubishi huo ukaizaa sehemu kubwa ya falsafa ya Afrika ya kitaaluma. Swali gumu lilibaki: kwa nini Waluba wanasemewa na mtu mwingine? V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Likasi na kufundisha Lubumbashi kabla ya kwenda ughaibuni, alilichukua swali hilo na kuligeuza kuwa kitabu chake kikubwa cha 1988, kuhusu jinsi Afrika ilivyobuniwa na maandishi ya wageni. Alifariki mwaka 2025.

Jambo la pili ni Hangar, karakana ya uchoraji iliyoanzishwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Alikataza kunakili Ulaya, akawaacha wanafunzi wafuate jicho lao. Bela Sara alichora kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijaza turubai kwa mistari mifupi iliyosukana. Pilipili Mulongoy alitoa ndege, nyoka na samaki waliozungukwa na majani ya kila rangi. Picha hizo ni nzuri mno, na zilinunuliwa na Wazungu. Lakini hazina askari, hazina bomba la kampuni, hazina mgomo. Ndani yake msitu umekaa kana kwamba hakuna mgodi ng'ambo ya barabara.

Mgodi na askari viliingia kwenye picha kizazi kilichofuata, baada ya machungu mapya. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na bendera yake ikabeba misalaba mitatu ya shaba. Fedha ya makaburi ya Sanga ikawa nembo ya serikali iliyolindwa na mamluki. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa porini, si mbali na mji. Kujitenga kulikwisha Januari 1963.

Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, historia ya Elisabethville. Jina la historia hiyo ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini matini yake ni Kiswahili cha mji, kilichopigwa taipu bila kujali sarufi ya shule. Ni historia iliyoandikwa na watu waliopika, waliofua na waliolinda milango ya Wazungu, nao waliona mengi kutoka jikoni. Sijui maandishi mengine ya Kiswahili ya kizazi kile yanayotazama ukoloni kwa karibu namna hiyo.

Miaka minane baadaye alijitokeza Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Aliishi kwa kuuza picha nyumba kwa nyumba, kwa fedha kidogo. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, na Tshibumba akamwambia kwamba anataka kuchora historia yote ya nchi. Kazi hiyo ilizaa mfululizo wa picha zipatazo 100: mababu, kufika kwa Mreno Diogo Cão, Leopold, fimbo ya mkoloni, wahanga wa Union Minière, Lumumba, kujitenga, rais Mobutu, hata siku zijazo. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Alijiita mwanahistoria, na alistahili. Katika picha moja, kifo cha Lumumba na wenzake kimewekwa chini ya misalaba mitatu, na Wakristo wa Kongo wanajua misalaba mitatu ya Ijumaa Kuu inasema nini. Hiyo ni hukumu ya mwanahistoria, na imetolewa chini ya Mobutu, wakati ambapo kuisema hadharani kulikuwa hatari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo.

Mji wenyewe uliendelea kukusanya kumbukumbu zake. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoporomoka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kazini, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, chini ya Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, ulikuwa tayari ukirekodi wazee wa migodi na kuonyesha vitu vyao vya nyumbani. Sammy Baloji, aliyezaliwa huko mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na kuzibandika juu ya picha za magofu ya viwanda ya sasa. Yeye na wenzake walianzisha tamasha la picha mwaka 2008, nalo likakua likawa Biennale ya Lubumbashi. Juni 2022 jino la Lumumba, lililobaki Ubelgiji miaka sitini, lilipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Linalonikera ni hili. Maneno ya Yav na ya Tshibumba ni Kiswahili, lakini vitabu vilivyoyaeneza vilitoka Amsterdam mwaka 1990 na California mwaka 1996, vikiwa na maelezo ya Kiingereza, na picha nyingi za mfululizo ule ziko Uholanzi. Msomaji wa Mombasa, Kigoma au Bukavu anaweza kumaliza shule yake yote bila kuyasikia majina hayo. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, toeni Vocabulaire kwa matini yake yenyewe, pamoja na faharasa ya maneno ya Katanga kwa ajili ya wasomaji wa pwani. Walimu wa historia, wekeni picha ya Tshibumba mbele ya darasa na muwaache wanafunzi waulize. Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna gunia lililochorwa, au mzee aliyefanya kazi Union Minière, washa simu urekodi akiwa bado yupo.