Mkanda Aliouficha Shangazi

Nilianza uuguzi mkoani Kagera mwaka 1986, miaka mitatu tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini watambuliwe huko huko kwetu. Mitaani ugonjwa huo bado uliitwa Juliana, jina lililotokana na nguo za magendo za enzi hizo.

Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulikuwapo kabla ya ukimwi, tangu zamani. Wazee waliufahamu: malengelenge yanajipanga upande mmoja wa kifua au kiuno, kama mkanda wa askari. Wagiriki wa kale nao waliuita zoster, yaani mkanda. Bibi yetu alituambia kwamba ncha zake zikikutana, mtu hufa. Si kweli. Virusi vyake hufuata mshipa mmoja wa fahamu, ndiyo maana kwa kawaida havivuki upande wa pili.

Ukimwi ulipoingia, vijana wengi wakatokewa na mkanda kwa sababu kinga yao ilikuwa imeshuka. Jina likageuka hukumu. Watu wakaanza kujificha.

Shangazi yangu alijificha mwaka 1991. Siku tatu aliungua ubavuni bila kipele hata kimoja, akadhani ni kichomi. Malengelenge yalipotoka akayafunika kwa kanga wiki mbili. Nilipoyaona, yalikuwa magamba makavu. Ngozi ilipona, maumivu yakabaki. Hata kanga ikimgusa alipiga kelele. Alipopimwa, hakuwa na virusi vya ukimwi. Alikuwa na miaka 67, na uzee peke yake unatosha kuuamsha mkanda.

Daktari wa Kiingereza, Edgar Hope-Simpson, alishaeleza jambo hilo mwaka 1965: virusi vya tetekuwanga ya utotoni havitoki mwilini, hulala kwenye mishipa ya fahamu vikingoja kinga ilegee. Dawa ya kupambana na virusi hivyo, asaikloviri, nayo ilikuwapo. Gertrude Elion, aliyeongoza utafiti wa dawa hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Wodini kwetu tulikuwa na kalamini na vidonge vya maumivu tu. Nikikumbuka kilio cha shangazi, bado naumia.

Leo asaikloviri ipo, na maumivu yanayobaki hutulizwa kwa amitriptilini au gabapentini, kwa maelekezo ya daktari. Ndugu msomaji, ukiungua upande mmoja kisha malengelenge yakatoka, nenda hospitali ndani ya saa 72. Yakitokea kwenye paji la uso, puani au karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo. Kubali na kipimo cha ukimwi. Usiufunike mkanda kwa kanga.