"Dawa ya Kuharisha": Historia ya Istilahi na Tiba katika Kisii na Nyamira

Mtu akisema "dawa ya kikohozi", hapana adhaniaye kwamba dawa hiyo huleta kikohozi. Akisema "dawa ya usingizi", hapana adhaniaye kwamba huufukuza usingizi. Kihusishi -a kimebeba maana hizo mbili zinazopingana, na msikilizaji huchagua kwa mazoea. Je, "dawa ya kuharisha" ni ipi? Kwa kanuni ya mnyambuliko, kuharisha ni kumfanya mtu ahare, na dawa hiyo ingekuwa ile ya kuteremsha tumbo. Lakini katika usemi wa kila siku mzazi husema "mtoto anaharisha" akiwa na maana kwamba mtoto anahara, na dawa aitakayo ni ya kukomesha. Kitenzi kuendesha nacho kimepatwa na mkasa huo huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata huu hautokani na sarufi peke yake. Unatokana pia na mageuzi ya tiba yenyewe, na mageuzi hayo yanaonekana vizuri katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira.

Abagusii walikuwa na utabibu wao kabla ya zahanati. Wanafahamika zaidi ulimwenguni kwa ababari, mafundi waliofungua fuvu la kichwa kwa upasuaji, na sifa hiyo imewafunika abanyamete, yaani waganga wa mitishamba, ambao kazi yao ilikuwa ya kila siku. Miongoni mwa mimea ya kuendesha tumbo ijulikanayo katika eneo hilo ni omobeno, kichaka chenye maua ya manjano ambacho wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Jirani zao Wakipsigis hukiita senetwet, na makaa yake husugulia vibuyu vya maziwa ya mursik. Majani na mizizi ya omobeno huendesha tumbo kwa nguvu, na kipimo kikizidi huwa sumu. Yuko pia omobono, ambaye ni mbarika wetu, na jina lake ni ndugu wa mbono wa Kiswahili. Mafuta yake huendesha, lakini mbegu nzima ina sumu kali ambayo mafuta yaliyokamuliwa vema hayana. Tena kuna mshubiri, uitwao omogaka, neno ambalo vile vile lina maana ya mzee. Inashawishi kusema kwamba mmea umepewa heshima ya mzee kwa ukali wake. Lakini Wajaluo nao huuita ogaka, bila maana hiyo ya uzee, na kwa hiyo mwanaisimu mwangalifu hataharakisha kujenga nyumba juu ya mchanga huo.

Dawa hizi zilikuwa za nini? Msomaji wa leo atadhani zilikuwa za kufunga choo. Hilo ni kosa la kuvisha jambo la kale vazi la leo. Chakula cha Abagusii kilikuwa ugali wa wimbi na mboga za majani kama chinsaga, chakula chenye makapi mengi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alitangaza katika miaka ya 1970 kwamba watu walao hivyo ni nadra kusumbuliwa na choo kigumu. Mganga alimwendesha mgonjwa kwa sababu nyingine: kutoa minyoo, kutoa homa, kutoa kitu kibaya kilicholiwa kwa bahati mbaya au kwa hila ya adui. Tumbo lilikuwa chombo cha kuoshwa.

Fikira hiyo haikuwa ya bara peke yake. Pwani kulikuwa na sanamaki, yaani sena ya Makka kama jina lenyewe la Kiarabu linavyoeleza. Kulikuwa na subili, utomvu mchungu wa mshubiri. Na kulikuwa na haluli, chumvi ya kuendesha ambayo msomaji wa bara leo aghalabu huikuta kamusini tu. Nyuma ya majina haya imesimama elimu ya Galen na ya Ibn Sina (980–1037), iliyofundisha kwamba maradhi ni kuharibika kwa uwiano wa majimaji ya mwili na kwamba kilichozidi kitolewe. Sanamaki na omobeno ni mimea ya ukoo mmoja. Walioitumia hawakupata kukutana, na sababu walizotoa hazikufanana, ila tendo lilikuwa lile lile.

Serikali ya kikoloni ilipojenga kituo Kisii mnamo 1907, mahali ambapo wenyeji hupaita Bosongo au Getembe, Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wenye maduka. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911. Utabibu wa Kizungu wa zama hizo nao uliamini sana kuendesha: mafuta ya mbarika, chumvi ya haluli, hata kalomeli iliyotengenezwa kwa zebaki. Katika tiba ya safura iliyotumika duniani wakati huo, mgonjwa alimezeshwa thimoli au mafuta ya kenopodi, kisha akapewa chumvi ili minyoo na dawa yenyewe vitoke pamoja. Kwa hiyo mganga wa mitishamba, tabibu wa pwani na mganga wa zahanati walikubaliana katika jambo moja, na "dawa ya kuharisha" haikuhitaji maelezo. Ilikuwa dawa ya kuteremsha.

Makubaliano hayo yalivunjwa na maji ya chumvi na sukari. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh, Dilip Mahalanabis alidhihirisha kwamba wagonjwa wa kipindupindu huokolewa kwa kunyweshwa maji hayo. Mwaka huo huo kipindupindu kiliingia Kenya. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupambana na magonjwa ya kuhara. Tangu hapo adui akawa ni kuhara kwenyewe, na neno kuharisha likazoeleka kuwa jina la ugonjwa. Tiba iligeuka, lakini maneno hayakugeuka nayo.

Hatari iko hapa. Anayeshika mantiki ya kale huona kwamba mtoto anayehara hajamaliza uchafu, na humpa omobeno ili amalize. Mtoto huyo anapoteza maji mara mbili. Akiambiwa na mhudumu ampe "dawa ya kuharisha", hajaambiwa kitu, kwa kuwa maneno hayo yanaruhusu kumwokoa na kumwua. Kwa maoni yangu, watunga kamusi hawana budi kuziandika maana zote mbili bayana, na vitabu vya afya viache kabisa kutumia kirai hiki. Viseme "dawa ya kukomesha kuhara" upande mmoja, na "dawa ya kulainisha choo" upande wa pili.

Maana upande huo wa pili haukufa. Mwaka 2002 Marekani iliondoa subili katika dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, lakini sena ingalipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hasa kwa wagonjwa wa saratani wanaotumia mofini, kwa kuwa mofini hufunga choo. Mgonjwa wa Nyamira aandikiwaye vidonge hivyo leo anameza sanamaki ile ile ya wazee wa pwani, na hali kichaka cha ukoo wake kimesimama kando ya shamba lake.