Chachu ya Pombe, Kutoka Kibuyuni hadi Maabara

Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, ni mji wa Kiislamu tangu zamani, na ulevi haukupewa kiti pale. Lakini ukitoka nje kidogo, mashambani kwa Wagiriama, minazi inagemwa. Mgema hupanda kwa kukanyaga ngazi zilizochongwa shinani, kotama kiunoni. Akifika kileleni hukata kipande chembamba cha karara ambalo halijafunguka, akatungika kibuyu, siku hizi mara nyingi dumu la plastiki, kisha akaacha tembo litone. Tembo likishushwa mapema ni tamu, hata mtoto hulinywa. Jua likipanda linaanza kutoa povu. Likilala siku mbili tatu, ni siki. Hamira hakuna aliyetia: chachu zimo kibuyuni, kwenye karara na kwa wadudu wanaofuata utamu.

Kwa Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, tembo si kinywaji tu. Hudaiwa katika mahari, humwagwa kwa ajili ya wahenga, hunywewa wazee wakishuhudia shamba linauzwa au linawekwa rehani. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima kuhusu Wagiriama mwaka 1972, na tembo la mnazi limo hata kwenye jina la kitabu chenyewe.

Historia ya pwani yetu imezoea kuhesabu vilivyoletwa. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walichimba Mambrui, wakatoa sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Magazeti ya dunia yakaandika. Vilivyotoka huku kwenda nje vinatajwa vichache: pembe za ndovu, boriti, watumwa. Chachu haimo katika orodha hiyo, ingawa kwa maoni yangu imebadilisha elimu ya dunia kuliko pembe zote zilizopita Malindi.

Chachu ninayoisema haikutoka Mambrui. Ilitoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, iliyofikishwa Ujerumani wakati Wajerumani walikuwa wakitawala upande wa kusini wa mpaka wa Kenya ya leo. Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa uchachushaji mjini Berlin, alikuta ndani yake chachu ya ajabu. Chachu za kawaida huzaa kwa kuchipua kijitoto ubavuni. Hii ilikuwa na umbo la kijiti, ikirefuka hadi kimo fulani kisha ikijikata katikati sawasawa. Aliiita Schizosaccharomyces pombe, na neno letu likaingia katika vitabu vya sayansi bila kubadilishwa herufi. Aliyeipika pombe ile jina lake halikuandikwa popote.

Kwa nusu karne chachu hiyo ilikaa kwenye chupa za makumbusho ya vijidudu. Katika miaka ya 1940 kijana wa Uswisi, Urs Leupold, akaanza kuchunguza urithi wake wa jeni. Hapa pana kejeli: mbegu aliyoitumia, ambayo ndiyo mama wa karibu chachu zote za aina hii maabarani leo, ilitoka kwenye maji ya zabibu huko Ulaya, si kwenye mtungi wa Afrika. Jina likabaki la kwetu. Miaka ya 1950 Murdoch Mitchison wa Edinburgh akaipenda kwa sababu urefu wa seli unamweleza mtazamaji imefikia hatua gani ya maisha yake. Kutoka maabara hiyo alitoka Paul Nurse. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika zamu ya jeni ya chachu inayoamuru seli igawanyike. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Watafiti wengine wa chachu hii walishughulika na jambo jingine: madhara. Walizipiga chachu kwa mionzi, wakatafuta zinazokufa upesi kuliko nyingine, kwa hoja kwamba chachu isiyoweza kustahimili mionzi imepoteza fundi wake wa kutengeneza DNA. Jeni zilizopatikana hivyo ziliitwa rad na kupewa namba. Mwaka 1992 Birkenbihl na Subramani, huko California, waliitenga rad21. Ilihitajika kuunga DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Lakini kulikuwa na kitendawili. Ukiiondoa kabisa, chachu inakufa hata kama haijaguswa na mionzi. Kwa nini fundi wa ajali awe wa lazima siku isiyo na ajali?

Jibu lilikuja miaka michache baadaye, sehemu kubwa kutoka kwa binamu yake, chachu ya mikate, ambako mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalieleza jeni inayolingana nayo. Protini ya jeni hii ni sehemu ya pete iitwayo kohesini. Seli inaponakili kromosomu zake, pete hizo huzishika nakala mbili zisiachane. Fikiria doti ya khanga inavyotoka dukani: vipande viwili, mchoro mmoja, bado havijakatwa. Maadamu viko pamoja huwezi kukosea ukampa mtu mmoja vyote viwili na mwenziwe ukamwacha mikono mitupu. Na kimoja kikichanika, mchoro wa kukitengeneza uko pale pale ubavuni. Wakati wa kugawanyika ukifika, kimeng'enya kiitwacho separezi hukata protini hiyo, na kila nakala huvutwa upande wake. Basi kutengeneza na kugawa vinategemea mshiko mmoja.

Binadamu naye anayo. RAD21 yetu ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2012 ilithibitika kwamba kasoro zake huwapa watoto aina ya ugonjwa wa Cornelia de Lange, wenye dalili za kudumaa na kuchelewa kujifunza. Mwaka 2002 jenomu nzima ya chachu ya pombe ilichapishwa: kromosomu tatu, na jeni kama 4,800 tu.

Huku kwetu DNA si habari ya mbali tena. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wakiwemo wa Mtwapa, ulioonyesha kwamba Waafrika na watu wa asili ya Uajemi walianza kuchanganyika pwani yapata mwaka 1000, wengi wa mababu wa Kiafrika wakiwa wanawake. Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome Trust wana kituo cha utafiti tangu 1989, na wakati wa Korona kituo hicho kilisoma jenomu za virusi vilivyokuwa vikizunguka Kenya. Mashine zipo. Vijana wenye ujuzi wapo. Chachu za tembo ziko juu ya mnazi kila asubuhi.

Mwaka 1893 hakuna aliyemwomba ruhusa mpika pombe. Leo kuna Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010, mwaka ule ule wa sarafu ya Mambrui, inayotaka anayechukua kiumbe cha nchi kwa utafiti apate idhini na agawane faida. Kenya ni mwanachama. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani wawaendee wagema wa Mambrui na Kaloleni, wakubaliane nao kwa maandishi, chachu zao zihifadhiwe humu humu nchini, na kwenye kila chupa liandikwe jina la kijiji ilikotoka.