Wanyamwezi wa Tanga na chimbuko la Simba Wanyika

Kibao cha "Sina Makosa" kikipigwa harusini Mwadui au Maganzo, wazee husimama kabla ya vijana. Uliza huo ni muziki wa wapi, utaambiwa wa Nairobi. Mwingine atabisha kuwa wenyewe ni watu wa Tanga. Wote wawili wana haki. Ila asili yake imepitia pia kwa Wanyamwezi, watu wa huku kwetu, na jambo hilo halisemwi.

Zama za mkoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalimeza nguvukazi ya bara kwa miaka mingi. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, iliyoanza mwaka 1944, na Unyamwezi ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba. Katika mji huohuo wa Tanga, miaka ya 1950, ikazaliwa bendi ya dansi iliyojiita Young Nyamwezi, chini ya Joseph Bagabuje. Baadaye ikabadili jina na kuwa Jamhuri Jazz. Haikuwa peke yake kubeba jina la nyumbani. Dar es Salaam, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alikuwa ameshaanzisha Western Jazz mwaka 1944, na jina hilo lilitaja upande wa nchi alikotoka.

Ndani ya Jamhuri Jazz wakaingia, katikati ya miaka ya 1960, ndugu wawili vijana wa Tanga: Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Tanga ya wakati huo ilikuwa na mapenzi ya kugawanyika. Kama hukuwa wa Jamhuri, basi ulikuwa wa wapinzani wao, Atomic Jazz. Hapo ndipo walipopikwa. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakawa na ndugu yao wa tatu, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, na huko wakajiita Simba Wanyika.

Kwa nini wavuke? Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania, wimbo ukapigwa hewani, basi. Aliyetaka sahani yake iuzwe dukani alilazimika kwenda Nairobi. Halafu kulikuwa na suala la vyombo. Bendi kubwa za upande huu nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA, JKT, Polisi. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki akiacha kazi aliondoka mikono mitupu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya kwa nini makundi ya vijana waliokua pamoja yalikuwa machache kwetu. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1974 vijana wanne wa mtaa mmoja wa Queens, New York, walianzisha Ramones, wakapiga muziki wa panki kwa gitaa la fujo na nyimbo za dakika mbili. Hawakuwa ndugu, lakini kila mmoja alijipa jina la ukoo la Ramone. Akina Kinyonga hawakuhitaji kuigiza undugu. Wala hawakuwa na haraka: wimbo wao ulianza taratibu, ukiimbwa kwa utulivu, kisha magitaa yakachanganya na watu wakajaa uwanjani.

Mwaka 1978, Omar Shabani, mpiga gitaa la rizimu aliyeitwa Profesa Omari, akatoka Simba Wanyika na wenzake kadhaa. Wakaunda Les Wanyika, wakamchukua John Ngereza kama mwimbaji na mpiga gitaa. "Sina Makosa" ni yao hao waliotoka, si ya Simba Wanyika. Watu huchanganya kila siku, hata watangazaji wa redio. Mwimbaji Issa Juma naye akapita Les Wanyika, kisha akaanzisha Super Wanyika yake. Jina moja likazaa bendi chungu nzima, na mashabiki wakapata kazi ya kuzitofautisha.

Simba Wanyika wenyewe hawakufa kwa pigo hilo. Walifika Ulaya, na albamu yao "Pepea" ikatoka mwaka 1992. Mwishoni mwa mwaka huohuo George akafariki. Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo. Profesa Omari alifariki 1998, Ngereza 1999.

Historia ya akina Wanyika imeandikwa Nairobi na Ulaya, na santuri zao zimetolewa upya. Young Nyamwezi haijapata bahati hiyo. Kama nyumbani kwenu Kahama, Nzega au Shinyanga kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge, muulize alikuwa akicheza dansi la nani Jumamosi usiku, na umrekodi kwa simu yako wakati anajibu.